Kopo la mvinyo: siku tano Lisbon na mamangu

Jioni ya kwanza Lisbon tuliingia kahoteli kadogo kenye meza kama sita hivi, tumechoka mbaya, miguu imefura kwa sababu ya ndege, na mhudumu akaja na taulo begani akauliza kitu kwa Kireno ambacho mimi sikushika hata silabi moja. Mamangu akainua macho kutoka kwa menyu. "Kopo la mvinyo? Hapana baba, mimi ni mtu wa kanisa. Lete maji." Kwa Kiswahili, sauti ile ya darasani, huku anaonyesha chupa iliyokuwa kwa meza ya jirani. Na jamaa akaenda akaleta maji! Nikabaki nimekodoa macho. Kumbe alikuwa ameuliza kama tunataka copo de vinho, na copo ni kopo na vinho ni mvinyo, hakuna uchawi hapo, ni maneno Wareno walituachia wakati walikuwa kwetu wakitusumbua.

Hapo ndio mchezo ulianzia. Tukakubaliana kila neno la Kiswahili tutakaloliokota mjini ni pointi moja, na mwenye pointi chache atanunua chai. Nilijua saa hiyo hiyo nimeshapoteza.

Sasa wacha nirudi nyuma kidogo. Mamangu ni mwalimu mstaafu, amekula chaki miaka 32, na 11 kati ya hiyo alikuwa shule ya msingi kule Malindi kabla ya kuletwa bara. Ukiwa mwalimu Malindi unajua kuna mtu mmoja huwezi kumkwepa. Mwaka 1498, Vasco da Gama, yule baharia Mreno, Mombasa wakamkatalia, Malindi wakampokea na kumpa mtu wa kumwonyesha njia ya India. Kila mwaka alikuwa anapanga watoto laini mbili anawapeleka kuona ile nguzo nyeupe pale kwa mawe ya bahari, anawaambia msalaba ulio juu ulichongwa kwa jiwe la Lisbon, na kila mwaka lazima kuna mtoto anauliza, "Mwalimu, Lisbon ni wapi?" Kwa hivyo nilipopata zamu yangu ya pesa za chama na nikamwambia mama achague mji mmoja Ulaya nimpeleke, nikidhani atasema Roma ama London kama wenzake wa kanisa, alisema Lisbon bila kufikiria hata dakika.

Viza nitapita nayo haraka maana hata kukumbuka inaniuma. Ni yuro 90 kwa mtu mzima na hazirudi hata ukinyimwa, bima ya matibabu lazima ifike yuro 30,000, uonyeshe pesa zako benki, tiketi, mahali utalala. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na siku 15 ndio mwisho, lakini ukingojea hiyo mwisho ujilaumu. Mama aliambiwa kwa kaunta alete barua ya mwajiri. Akamjibu yule kijana kwamba mwajiri wake kwa sasa ni kuku 40 na hakuna hata mmoja anajua kuandika. Tukarudi siku nyingine na karatasi za pensheni ikaisha hivyo.

Ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi Lisbon hakuna. Sisi tulipitia Istanbul, tukatua Jumatano mchana mwisho wa mwezi wa tano. Na hapa nitaweka neno kuhusu mwezi, maana hakuna mtu alikuwa ameniambia: mwisho wa mwezi wa tano Lisbon imejaa jakaranda! Zambarau kila mahali, chini na juu, vile tunaionaga Nairobi mwezi wa kumi. Mama alisimama katikati ya barabara akasema, "Sasa tumesafiri masaa yote haya kuja kuona mti wa kwetu?" Nikamwambia huo mti si wa kwetu pia, ni wa Amerika Kusini, akanuna mpaka kona ya pili. Kitu kingine cha kushangaza ni jua. Saa tatu kasoro usiku ndio linazama. Mamangu amezoea kwamba saa moja ni usiku na milango inafungwa, basi ikawa kila siku tunasahau kula.

Kutoka eapoti tulichukua metro, laini nyekundu inaanzia pale pale, unanunua kadi ya nusu yuro alafu unaiwekea pesa. Kila mtu na kadi yake. Usijaribu ujanja wa kugongesha kadi moja watu wawili, geti inakufungia mmoja ndani mmoja nje, na siwezi kusema najuaje.

Kosa langu kubwa lilikuwa nyumba. Niliona picha za Alfama, zile njia nyembamba na nguo zimeanikwa juu, nikalipia chumba huko bila kuuliza kama kuna lifti. Lisbon inaitwa mji wa vilima saba, na Alfama ni ngazi, yaani ngazi kisha ngazi. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya tatu. Mama alihesabu vidaraja, 61, akanitajia hiyo namba kila asubuhi na kila jioni kama mtu anakariri mstari wa Biblia. Na chini barabarani wametandika vijiwe vyeupe na vyeusi, vinapendeza macho na vina michoro ya mawimbi, lakini vimelainika kwa kukanyagwa miaka na mikaka na mvua ikinyesha kidogo tu unateleza kama uko kwa sabuni. Begi la magurudumu likipita hapo linapiga kelele mtaa mzima ujue umefika. La mama lilianza kulalamika gurudumu moja tangu hiyo siku ya kwanza. Kama unaenda na mzazi tafuta nyumba Baixa, kule chini ni tambarare.

Baixa yenyewe ina sababu ya kuwa tambarare na kunyooka vile. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako kanisani, mishumaa imewashwa, tetemeko likapiga. Mji ukaanguka, waliokimbilia mtoni wakakutana na maji yamerudi kama ukuta, na mishumaa ikachoma kilichobaki. Waziri wa mfalme, yule wanamwita Marquês de Pombal, akajenga upya kwa mistari iliyonyooka, na ndani ya kuta wakaweka fremu ya mbao kama kizimba ili nyumba icheze bila kuanguka. Inasemekana walijaribu mfano wake kwa kuzungusha wanajeshi wanapiga mguu chini pale pale. Mimi naishi karibu na ploti ambayo ghorofa saba zilipanda kwa miezi michache na mchanga unaonekana kwa nguzo, basi nilisimama nikagonga ule ukuta kwa heshima kabisa.

Ukitaka kuona tetemeko lenyewe lilifanya nini, panda hadi Carmo. Ni kanisa lililopoteza paa siku hiyo na wakaliacha hivyo, matao yamesimama kama mbavu za nyangumi na juu ni anga tu. Nje kuna uwanja mdogo wenye jakaranda na vibanda vya kahawa, na ni hapo hapo kwa kambi ya polisi ndio serikali ya kidikteta ilisalimu amri tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi wakiwa na maua kwa mitutu ya bunduki. Mwaka uliofuata Msumbiji na Angola wakapata uhuru. Mama alikuwa mtoto lakini anakumbuka baba yake akisikiliza hiyo habari kwa redio.

Tramu namba 28 kila mtu atakuambia upande. Ni ile ya njano ya mbao ya zamani, inapanda vilima inalia. Sisi tuliingojea pale Martim Moniz karibu saa nzima, foleni ya watalii imejikunja, tukaingia tukabanwa kama matatu ya saa moja jioni, tofauti ni kwamba hakuna muziki na hakuna konda wa kukuambia songa songa. Wezi wa mifukoni nao wanaipenda sana. Mama aliweka kibeti chake ndani ya leso akaifunga kiunoni, akaangalia wale wazungu na simu zao nje nje, akatikisa kichwa. Ushauri wangu? Panda mapema sana kabla watu hawajaamka, uanzie ule mwisho mwingine wa Campo de Ourique, utapata hata kiti cha dirisha. Ukikosa usilie, utaiona ikipita.

Sasa Belém. Hii ndio ilituleta.

Unachukua tramu 15 kando ya mto. Usiende Jumatatu, monasteri inafungwa. Mosteiro dos Jerónimos ilianza kujengwa mwaka 1501 na Mfalme Manuel wa Kwanza, kwa pesa za viungo, yaani ile pilipili na mdalasini zilizotoka India baada ya huyo mtu wetu kupata njia. Ukuta umechongwa kama mtu alikuwa anasuka nywele, kamba za meli, matumbawe, majani, nyuso. Sehemu ya ndani ya ua unalipia, na inafaa kulipia, lakini kanisa lenyewe liko na mlango wake na hawakutudai kitu.

Tunaingia, giza kidogo, alafu hapo hapo mkono wa kushoto, hata hujapiga hatua kumi. Jeneza la mawe. Mtu amelazwa juu yake, ndevu ndefu, mikono imekutana kifuani anaomba, na ubavuni wamechonga meli yenye tanga limejaa upepo. Vasco da Gama. Alifia Cochin huko India mwaka 1524, mifupa ikarudishwa Ureno baadaye, na hapa Belém aliletwa 1880.

Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Watalii wanapita, wanapiga selfi, wanaondoka, yeye amesimama na mkoba mbele kama mtu aliyeenda kuona mgonjwa. Nikadhani analia. Nikamshika mkono.

"Nimemfundisha huyu miaka 32," akasema, "na hajanilipa hata siku moja."

Alafu akauliza, "Hapa tuko wapi, wanaitaje hili jengo?" Nikamsomea bango, igreja, maana yake kanisa. Akacheka! Akacheka mpaka askari akageuka. Maana igreja ndio iliyozaa gereza. Wareno walijenga ile ngome Mombasa mwaka 1593, Fort Jesus, na wanasema kwa sababu kulikuwa na kanisa ndani watu wakasikia igreja, igreja, na baadaye sana Waingereza wakaifanya jela, basi neno likabaki na jela, kanisa likasahaulika. "Kwa hivyo huyu," mama akasema akinyooshea lile jeneza kidole, "yuko gereza." Hiyo nilimpa pointi mbili.

Upande wa pili kuna jeneza la Luís de Camões, mshairi wao mkubwa. Shairi lake refu la safari hiyo, Os Lusíadas, lilichapishwa 1572, na Mombasa na Malindi zimo ndani, Malindi imesifiwa, Mombasa imepakwa matope. Mama akasema hiyo ni kawaida, anayekupa maji ndio unamwandika vizuri.

Kutoka hapo unavuka barabara kwa njia ya chini mpaka mtoni kwa ule mnara wa wagunduzi, saruji nyeupe yenye umbo la meli, watu wamepangwa wanaangalia maji. Ulisimamishwa 1960, wakati yule dikteta Salazar bado anatawala na makoloni bado yako, na unaweza kuona hivyo kwa vile ulivyotuna kifua. Lakini angalia chini, kuna ramani ya dunia ya marumaru kwa sakafu, imewekewa meli. Mama alitembea juu yake polepole kutoka Ureno, akateremka Afrika Magharibi, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akapanda mpaka pwani yetu, akasimama na viatu vyake vya kanisa juu ya Kenya. Hiyo ndio picha iko kwa simu yangu mpaka leo.

Na ndio, tulikula zile tati za mayai. Duka la Pastéis de Belém linauza tangu 1837, foleni ya nje ni ya kubeba, ukitaka kukaa kuna mavyumba na mavyumba ndani kwa hivyo usiogope umati. Zinakuja moto, juu zimeungua madoa madoa, unanyunyizia mdalasini mwenyewe. Mimi nilikula nne. Mama alikula moja na nusu akasema yai limezidi, ile nusu akaifunga kwa tishu akaikula saa sita usiku akidhani nimelala.

Tukiwa kwa chakula, kuna supu inaitwa caldo verde ambayo lazima uagize. Unaletewa bakuli, unachungulia, ni sukuma. Si kufanana, ni sukuma, au tuseme binamu yake wa karibu kabisa, imekatwa nyembamba kama uzi ndani ya viazi vilivyopondwa, na kipande kimoja cha soseji juu. "Mama mboga wa huku ana kisu kikali," ndio maneno ya mama. Bacalhau nayo ni samaki wa chumvi aliyekaushwa, wanampenda kupita kiasi na kumbe hata havuliwi kwao, wengi wanatoka Norway. Madukani amepangwa kama mbao, na harufu unaipata kabla hujaona duka. Mtu wa pwani ataonja na kusema ni ng'onda, na hatakuwa amekosea sana. Kahawa yao ndogo wanaiita bica, karibu yuro moja, ukisimama kwa kaunta kama wenyeji.

Lakini kuna kitu nikuonye. Siku ya pili tulikaa hoteli moja karibu na mto, hata hatujaagiza wakaweka mezani mkate, zeituni, jibini kidogo, na vijikopo vya siagi ya samaki. Sisi ni Wakenya, mgeni akiwekewa kitu anakula. Tukala tukafuta karibu kila kitu. Bili ikaja, kila kimoja kimeandikwa na bei yake! Huo ndio utaratibu wao, ukigusa unalipa, na ukikirudisha hakuna anayekasirika. Mama alisoma bili mara mbili kama anasahihisha insha, akalipa, alafu akafungua mkoba akatia ndani zile siagi mbili zilizobaki bila kufunguliwa, mbele ya mhudumu, taratibu.

Ijumaa tulienda Rossio, na pembeni yake kuna uwanja wa São Domingos. Hapo ndio Waafrika wa Lisbon wanakutana, wazee wa Guinea-Bissau na kanzu zao, kina mama wameweka njugu na viungo kwa vitambaa, watu wanapiga stori tu. Nilisikia nimeshuka stejini. Mama mmoja alimwona mamangu anachechemea akasogeza kigoda akampigia mkono, kaa, na hao wawili wasiokuwa na lugha moja walikaa dakika 20 wakilinganisha magoti. Kanisa la hapo liliungua mwaka 1959, na ndani wameacha nguzo zimebambuka na moto, ni mahali pa ajabu sana, ingia. Nje kuna jiwe la ukumbusho wa Wayahudi waliouawa na umati mwaka 1506. Na kuna kibanda cha ginjinha, pombe tamu ya matunda, tangu 1840. Mama alisimama mita tano nikinywa, akiangalia upande mwingine.

Kuna barabara nyingine sikutaka kumpeleka lakini aliuliza mwenyewe. Rua do Poço dos Negros, Barabara ya Kisima cha Watu Weusi. Mwaka 1515 Mfalme Manuel, huyo huyo wa monasteri, aliagiza kichimbwe kisima cha kutupia maiti za watumwa, kwa sababu walikuwa wanaachwa tu jalalani. Leo ni barabara ya mikahawa, vijana na laptopu, maua dirishani. Jina limebaki kwa ukuta kwa taili za bluu. Tulitembea mwanzo mpaka mwisho hatukununua kitu. Hiyo siku hatukucheza mchezo wetu.

Usiku tulienda kusikiliza fado, muziki wao wa kuimba, Alfama, karibu na kwetu, chumba kidogo cha watu kama thelathini. Taa zikapunguzwa, wahudumu wakasimama tuli na sahani mkononi, maana fado ikianza hakuna kula, hakuna kuongea, hata kijiko. Mwanamke amevaa shali nyeusi, jamaa na gita ya Kireno, ile ya tumbo la mviringo na nyuzi 12, na mwingine na gita ya kawaida. Alipofunga macho akaanza, nikasikia nywele zimesimama, na sikuelewa neno. Mama alielewa mara moja. Miaka 11 Malindi amekaa kwa harusi za kutosha, kwake hiyo ilikuwa taarab. Kufika ubeti wa tatu nikaona ananyanyuka. Ana noti ya yuro tano imenyooshwa juu, mabega yanacheza, anaenda kumtuza mwimbaji! Nikamkamata leso. Mhudumu akaweka kidole mdomoni. Mama akakaa, lakini noti hakuishusha, aliishika juu mpaka wimbo ukaisha, na yule mwimbaji akafungua macho akaiona, akaja mwenyewe mpaka mezani, hakuchukua pesa, akambusu shavu zote mbili. UNESCO iliiweka fado kwa orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011 na mimi sina pingamizi.

Jumamosi, na pia Jumanne, kuna soko la mitumba linaitwa Feira da Ladra, watu wengi wanalitafsiri Soko la Mwizi. Gikomba ni kubwa kuliko hilo mara kumi lakini hapa unapata taili za kale, sarafu, saa mbovu, picha za harusi za watu usiowajua. Pointi zilimwagika: meza, bendera, karata, kasha, foronya. Karibu yake kuna kanisa kubwa la kuba jeupe, Santa Engrácia, ambalo sasa ni Makaburi ya Mashujaa. Lilianza kujengwa 1682 likaisha 1966. Wareno wakitaka kusema kazi haiishi wanasema ni kazi ya Santa Engrácia, na mimi niko na barabara moja mtaani kwetu ningependa kuwatumia picha. Ndani kuna Amália Rodrigues, malkia wa fado, na kuna Eusébio. Ndio, yule mchezaji, mtoto wa Maputo, mabao 9 kombe la dunia la 1966, manne kati yake dhidi ya Korea Kaskazini baada ya kufungwa matatu kwanza. Alihamishiwa hapo 2015. Ndugu yangu alikuwa ameniagiza picha ya kaburi kuliko zawadi yoyote, nikampigia tano.

Jumapili baada ya misa tukapanda feri pale Cais do Sodré kwenda Cacilhas, dakika kama kumi tu, unagongesha ile kadi yako ya metro. Mama alitafuta gari za kupandishwa na mbuzi na baiskeli, hakuna, akasema Likoni ina uhai kuliko hii. Lakini ukiwa katikati ya mto Tagus unageuka unaona mji wote umepangwa kwa vilima, wa njano na waridi, na mkono mwingine ule mdaraja mwekundu wa 25 de Abril unavuma kama nyuki kwa sababu ya magari. Kwa bei ya nauli hakuna kitu kizuri zaidi Lisbon. Ng'ambo tukala dagaa wakubwa wa kuchoma, kila mtu sita, kwa mikono.

Sintra na majumba yake ya rangi hatukuenda. Ni dakika 40 hivi kwa treni kutoka Rossio na wote wanasema ni lazima, lakini magoti ya mama yalipiga kura.

Jumatatu asubuhi, ndege ni mchana, tunateremsha mabegi, na kwa kidaraja cha 61, cha mwisho kabisa, gurudumu la mama likatoka likabingirika likaenda zake. Nikalikimbilia. Parafujo ilikuwa imepotea zamani, labda tangu Jumatano. Simu yangu haina bando, kutafsiri siwezi. Kona ya tatu tukapata kaduka ka vifaa, mzee mmoja ndani, droo ndogo ndogo za mbao kutoka sakafuni mpaka dari. Mimi naanza kuonyesha kwa vidole, nazungusha mkono kama mwendawazimu. Mama akanisukuma kando kidogo. Akaweka gurudumu kwa kaunta.

"Roda," akasema.

Mzee akalishika. "Roda, sim."

Mama akaonyesha lile tundu tupu. "Parafujo."

Mzee akavua miwani. Akamwangalia mama, akaniangalia mimi, akamrudia mama. "Parafuso!" Akageuka akavuta droo moja kati ya hizo mia, hata hakutafuta, akatoa tatu akazijaribu moja moja kwa ile tundu akifumba jicho, ya tatu ikaingia, akachukua bisibisi akakaza mwenyewe, akalizungusha begi huku na huku kwa kaunta kama mtoto na gari. Senti 20. Mama akatoa 50 akangojea chenji yake yote.

Ikaishia 19 kwa 6. Chai niliinunua eapoti tukifika nyumbani, na ilikuwa bei ya kuvunja moyo.

Juzi fundi alikuja kwa mama kurekebisha mlango wa banda la kuku. Niko jikoni nikamsikia mama anamuuliza kama amebeba parafujo za kutosha. Kimya kidogo.

"Skurubu, mathe?"

Mama akanipigia kelele kutoka nje, "Huyu hapati pointi!"